Habari za Abu Mihjan Mthaqafi, Aliyefungwa kwa Ajili ya Mvinyo

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Baada ya kumhimidi Yeye na kumsalia Mtume wake Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake, hizi ni habari za mtu mmoja katika sahaba ambaye jina lake wengi walijua na maisha yake ni wachache wayajuao. Mwenye kumtaja aghlabu hutaja mambo mawili tu, mvinyo wake na farasi wa Saad, kisha hupita akaendelea na kisa kingine. Na baina ya mambo hayo mawili pana mengi ya kumfaa mtu mwenye ndugu au mwana aliyeshikwa na ulevi, na katika miji ya pwani nyumba zenye mtu kama huyo si haba.

Kunia yake ni Abu Mihjan. Ama jina lake, wanachuoni wamehitilafiana: wako wasemao ni Amr bin Habib, wako wasemao ni Malik bin Habib, wengine Abdullah, na wako wasemao kuwa hiyo kunia ndiyo jina lake. Kabila lake ni Thaqif na mji wake ni Taif.

Taif si mji wa jangwani. Umekaa juu milimani, upande wa mashariki ya Makka, zaidi ya futi 6,000 juu ya bahari; una baridi na maji na mashamba, na tangu kale ulisifika kwa mizabibu na makomamanga. Msomaji wa pwani aliyepata kutoka Songea akapanda mpaka Mbinga, kisha akafika Litembo katika milima ya Umatengo, akaona miteremko ilivyolimwa kwa mashimo ya ngoro na ukungu ulivyotanda asubuhi, huyo ataielewa Taif upesi kuliko aliyekaa siku zote chini ya minazi. Ni watu wa milimani, wakulima hodari, na kinywaji chao kimeingia katika kazi na furaha na msiba hata mgeni asijue kianzapo wala kiishiapo. Kwa Thaqif kinywaji hicho kilitoka katika zabibu, na kwa Wamatengo hutoka katika nafaka. Ama watu wa pwani wasicheke, kwani mgema hana shamba Litembo. Shamba lake liko pwani.

Katika mji huo ndimo alimokulia Abu Mihjan. Alikuwa shujaa, mkarimu, mtunga mashairi, na alikuwa mtumwa wa mvinyo. Katika zama zile za Ujahili mvinyo haukuwa aibu. Mtu mkarimu alijisifu kuwa amemaliza mali yake kwa kuwanywesha rafiki zake, na mshairi asiyeutaja mvinyo alionekana kana kwamba hajakamilika. Basi Abu Mihjan alitunga mashairi mengi juu yake, na moja katika hayo likaenea katika midomo ya Waarabu, nalo ni lile aliloutajia mzabibu hata kaburini mwake. Shairi hilo lilimfuata maisha yake yote, na baada ya kufa likamfuata mwanawe, kama itakavyokuja.

Katika mwaka wa 8 wa Hijra, uliowafikiana na 630, Waislamu waliuzingira mji wa Taif, na Abu Mihjan alikuwa ndani ya ngome pamoja na watu wake akipiga mishale. Imesimuliwa na baadhi ya wapokezi kuwa mshale uliomjeruhi Abdullah mwana wa Abubakar Siddiq, ambaye jeraha lake lilimrudia akafa kwalo katika ukhalifa wa baba yake, ulitoka katika upinde wa Abu Mihjan. Mwaka uliofuata Thaqif walipeleka wajumbe Madina wakasilimu, na Abu Mihjan akasilimu pamoja nao. Imepokewa kuwa wajumbe wale walijaribu kuombea ruhusa ya mambo waliyoyazoea, na mvinyo ukiwa mmojawapo, wala hawakupewa.

Na hapa pana jambo ambalo wasomaji wengi hulipita upesi. Watu wa Madina hawakukatazwa mvinyo kwa siku moja. Kwanza walielezwa katika Suratul Baqara kuwa dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake, na wengine wakaacha na wengine wakaendelea. Kisha wakakatazwa katika Suratun Nisaa kuikaribia sala hali wamelewa, na mtu mwenye kusali sala tano akaona kuwa saa za kunywa zimekuwa chache. Kisha ndipo ikaja aya ya Suratul Maida ya kuukataza kabisa, wakaumwaga hata ukatiririka katika njia za mji. Ilipowafikia amri hiyo ya mwisho, matumbo yao yalikuwa yamekwisha zoezwa kwa muda, tena Mtume alikuwa miongoni mwao asubuhi na jioni. Ama Thaqif waliufikia mlango umekwisha fungwa. Waliyopewa watu wa Madina kwa daraja tatu, wao walipewa kwa siku moja, kisha wakarudi milimani kwao penye mizabibu ile ile na vikombe vile vile. Kumtazama Abu Mihjan pasipo kulikumbuka jambo hili ni kumdhulumu.

Adhabu ya mlevi katika zama za Mtume ilikuwa kupigwa kwa makuti ya mtende na viatu na nguo, na imepokewa kuwa ni mapigo 40. Abubakar naye alipiga 40. Umar alipoona watu wamezidi, alishauriana na sahaba akapiga 80. Katika madhehebu ya Imamu Shafii haddi yenyewe ni 40, na ziada hata 80 ni juu ya rai ya imamu kwa njia ya kutia adabu. Hayo ni maarufu, na hata mtoto wa chuoni hupata kuyasikia. Lisilosikiwa sana ni lile lililofuata baada ya mapigo. Alikuwako Madina mtu jina lake Abdullah, watu wakimwita kwa jina la utani Himari, mcheshi aliyekuwa akimchekesha Mtume. Aliletwa mara kwa mara kwa kosa la kunywa, akipigwa. Siku moja alipokwisha pigwa, mtu mmoja katika waliohudhuria akamlaani kwa kuwa haachi. Mtume akamkataza yule mwenye kulaani, akashuhudia kuwa mlevi yule ampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Na katika mapokezi ya Abu Huraira, walipomwombea mlevi mmoja fedheha, Mtume aliwakataza wasimsaidie shetani juu ya ndugu yao. Haya yamo katika Sahihi ya Bukhari. Basi haddi ilikuwa na mpaka wake, ikiisha imekwisha. Mtu akarudi mahali pake katika safu. Wale wanaomtoa mlevi katika safu na katika salamu na katika karamu miaka kumi baada ya kuacha, hiyo si haddi, wala haimo katika kitabu cha fiqhi cha madhehebu yoyote.

Abu Mihjan alipigwa haddi na Umar mara nyingi. Wapokezi wengine wametaja mara saba, na wengine nane. Mwenye kulihesabu jambo hili na afikiri: mtu jasiri asiyeogopa upanga, apigwa mbele za watu, apona, arudia, apigwa tena, arudia. Huyu si mtu asiyejua kuwa ni haramu, wala si mtu asiyeona haya. Tabibu wa siku hizi wamechunguza mambo haya wakaona kuwa mwili wa mzoefu hudai kinywaji kama mwili wa mwenye njaa udaivyo chakula. Tena aliyekunywa sana kwa miaka, akiacha ghafula pasipo kuangaliwa, huweza kutetemeka na kuweweseka na kupatwa na kifafa hata akafa. Kwa hivyo kumfungia mlevi chumbani siku tatu na kumwachia Yasini peke yake, pasipo tabibu, ni kumhatirisha. Yasini isomwe, na tabibu aitwe. Litembo iko hospitali, nayo ni ya dayosisi ya Wakatoliki. Mwislamu wa pwani aliye kule kwa biashara ya kahawa asione haya kumpeleka ndugu yake hapo, kwani kutafuta dawa kumeamrishwa.

Mapigo yalipokuwa hayakumzuia, Umar aliamuru Abu Mihjan ahamishwe. Alipelekwa pamoja na mlinzi kwenye kisiwa kimoja kiitwacho Hadhwadha, mahali ambapo Waarabu wa kale walizoea kuwahamishia watu waliowachoka. Lakini Abu Mihjan alikuwa ameficha upanga. Njiani akamtishia mlinzi kwao, mlinzi akakimbia kurejea kwa Umar na habari, na Abu Mihjan akashika njia ya Iraki, ambako jeshi la Waislamu lilikuwa likikabiliana na Waajemi.

Jambo la kuhamishwa lina kisa kingine cha kukumbukwa. Umar alikuwa pia amemhamisha mtu wa Makureshi, Rabia bin Umayya, kwa kosa hilo hilo la mvinyo, akampeleka Khaibar. Rabia alikaa huko peke yake na uchungu wake, mwisho akakimbia kwa Warumi, kwa Kaisari Hirakli, akaingia dini ya Kinasara. Habari zilipomfikia Umar, alisema kuwa baada ya huyo hatamhamisha Mwislamu tena kamwe. Hivyo ndivyo alivyokuwa Umar: mkali, na mwenye kurudi alipoona.

Na wazee wengi wa pwani hawajarudi walikorudi Umar. Kijana akiwa amewafedhehesha kwa tembo au bangi au unga, shauri la kwanza ni kumpeleka bara kwa mjomba, akakae mbali na rafiki zake wabaya. Huenda akafikishwa Songea, huenda Mbamba Bay ufukoni mwa Ziwa Nyasa, huenda Litembo kwenyewe. Na huko milimani iko desturi ya kale iitwayo ngokela: mwenye shamba hupika pombe akawaita majirani, wakalima pamoja, na pombe ikawa ndiyo shukrani ya kazi. Basi yule kijana aliyehamishwa kwa ajili ya kunywa huwekwa mahali ambapo kazi yenyewe huandamana na pombe, hana baba wala mwalimu wala mtu wa umri wake aliyekwisha acha akamwonyesha njia. Kisha barua ikija ya kuwa amezidi kuharibika, husemwa kuwa mbegu yake ni mbaya.

Abu Mihjan alifika kwa Saad bin Abi Waqqas, amiri wa jeshi, karibu na mji wa Qadisiyya. Na barua ya Umar ikafika pia, ikimwamuru Saad amfunge. Saad akamfunga pingu za miguu ndani ya ngome. Hivyo vita vilipoanza, vita ambavyo ufalme wa Kisra ulisimama au kuanguka kwavyo, shujaa wa Thaqif alikuwa amekaa chini chumbani, akisikia.

Vita vya Qadisiyya wengi huvitia katika mwaka wa 636, na wanachuoni wamehitilafiana kuwa ni mwaka wa 14 au 15 au 16 wa Hijra. Jemadari wa Waajemi alikuwa Rustam, na pamoja naye ndovu wa vita, ambao wapokezi huwataja kuwa 33. Saad mwenyewe hakuweza kupanda farasi. Alikuwa na maradhi ya mshipa wa paja na majipu mwilini, hata asiweze kukaa. Akalala kifudifudi juu ya mto, darini kwa ngome, akiutazama uwanja na kutupa chini vikaratasi vya amri. Wako askari waliomsema kwa hilo, na wasingalimsema lau wangaliona majipu yake.

Siku ya kwanza ndovu waliwatia Waislamu taabu kubwa, kwa kuwa farasi wa Waarabu hawakuwazoea. Siku hiyo mkewe Saad, Salma binti Khasafa, alikuwa akitazama. Salma alikuwa mjane wa Muthanna bin Haritha, shujaa aliyepigana na Waajemi kabla ya Saad akafa kwa jeraha. Alipoona safu zinarudi nyuma, alimlilia Muthanna kwa sauti, na Saad, katika maumivu yake na ghadhabu yake, akampiga kofi. Jambo hili limepokewa, wala si la kufichwa, kwa kuwa pasipo hilo kisa kinachofuata hakifahamiki vizuri.

Siku ya pili viti vya juu ya ndovu vilikuwa vimevunjwa, nao hawakutoka. Msaada ukafika kutoka Sham, Qaaqaa bin Amr akiwa mbele yake, na vita vikawaka mpaka usiku. Abu Mihjan akaona hawezi tena. Alikokota pingu zake mpaka kwa Saad, akaomba afunguliwe. Saad akamkemea, akarudi. Ndipo alipokwenda kwa Salma. Alimwomba amfungue na kumwazima Balqaa, farasi jike wa Saad mwenye mabaka, naye akamwekea ahadi ya Mwenyezi Mungu kuwa akisalimika atarudi mwenyewe na kuitia miguu yake katika pingu, na akiuawa watakuwa wamepumzika naye. Salma akakataa. Akaondoka akijikokota, akiimba kwa huzuni mashairi ya mtu ambaye farasi wanakimbia na yeye amefungwa na milango imefungwa mbele yake. Salma akamsikia, moyo wake ukalainika. Akamwomba Mwenyezi Mungu amchagulie la heri, kisha akarudi akamfungua. Ama farasi, alisema kuwa huyo si wake wa kumwazima, akaenda zake chumbani. Abu Mihjan akamchukua Balqaa mwenyewe, akatoka kwa mlango wa upande wa handaki.

Katika riwaya nyingine aliyemfungua ni Zabraa, mjakazi wa Saad. Riwaya ya Salma ndiyo maarufu zaidi.

Na mtu afikiri alichokifanya mwanamke huyu. Mbele yake palikuwa na mlevi aliyepigwa mara saba au nane, aliyetoroka njiani, aliyemtishia mlinzi wake, na anayesema kuwa akifunguliwa atarudi. Ni nani mwenye akili ambaye angalimwamini? Baba na kaka na majirani wa mlevi wote wameisikia ahadi kama hiyo, na wote wamedanganywa. Salma naye alikataa kwanza, na kukataa kwake kulikuwa na haki. Lakini alisikiliza mara ya pili, na alipofungua alikuwa na mpaka: alimfungua miguu, farasi hakumpa. Kila mwenye kumsaidia mlevi aliyetaka kuacha huujua mpaka huo ulivyo mgumu kuuweka, kwani mwenye kumpa kila kitu humzamisha, na asiyempa kitu humwacha katika pingu.

Abu Mihjan aliingia vitani akapiga upande wa kulia wa adui na upande wa kushoto, akatoka mbele ya safu akarudi nyuma yake, na watu wakastaajabu naye wala wasimjue. Wengine walidhani ni Hashim bin Utba aliyekuwa akingojewa kutoka Sham. Wengine wakadhani ni Khidhri. Wengine wakadhani ni malaika. Haikumpitikia mtu katika jeshi lote kuwa huyo huenda akawa mlevi aliyefungwa. Saad akatazama toka darini, akanena kuwa mwendo ule ni wa Balqaa na upigaji ule ni wa Abu Mihjan, lau si kuwa Abu Mihjan yumo pinguni. Ulipofika usiku wa manane majeshi yakaachana. Abu Mihjan akaingia ngomeni kwa mlango aliotokea, akamrudisha farasi, akakaa chini, akaitia miguu yake katika pingu kwa mikono yake mwenyewe.

Vita vilikwisha kwa kuuawa Rustam na kuvunjika jeshi la Waajemi. Salma, ambaye alikuwa amemnunia Saad kwa ajili ya lile kofi, akapatana naye, akamweleza habari yote. Saad akamwita Abu Mihjan, akamfungua, akaapa kuwa hatampiga tena kwa mvinyo mtu ambaye Mwenyezi Mungu amewanufaisha Waislamu kwa mkono wake kiasi kile. Na Abu Mihjan akajibu, kwa maana yake, kuwa alipokuwa akipigwa haddi alikuwa akinywa, kwa kuwa alijua haddi itamtakasa. Ama sasa ikiwa ameachiliwa, naapa kwa Mola wake hatakunywa tena milele. Wala hakunywa.

Katika maneno hayo wanachuoni wamesimama sana. Ibn Abdilbarri wa Andalusi alipoandika habari za sahaba alimtaja Abu Mihjan kuwa amezama katika ulevi. Ibn Fathun akamlaumu kwa hilo, akaona kuwa ilitosha kutaja kuwa alipigwa haddi, na kunyamaza juu ya yaliyobaki kunastahiki zaidi. Tena akaipendelea riwaya ya Saif, ambayo ndani yake Abu Mihjan alimwambia Salma kuwa hakufungwa kwa haramu aliyoinywa wala kuila, ila kwa shairi lile la mvinyo ambalo ulimi wake ulilizoea tangu Ujahili. Ibn Hajar wa Askalani, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu ya Shafii, ameyaleta yote hayo katika kitabu chake cha Isaba. Nao wamechunguza pia kama yafaa Saad kuiacha haddi. Shafii asema haddi haianguki kwa kuwa mtu yumo katika nchi ya vita. Ibn Qayyim aliona kuwa mema ya Abu Mihjan siku ile, na toba iliyodhihiri kwake, yaliifunika adhabu. Na wako waliosema kuwa Saad hakuondoa haddi yoyote, bali alinena tu kwa kujua kuwa mtu huyo hatarudia.

Ikitazamwa kwa insafu, kuchukia kwa Ibn Fathun ni kwa adabu njema, kwani ni wajibu kuuchunga ulimi juu ya sahaba. Walakini riwaya za kupigwa kwake zimepokewa kwa njia zaidi ya moja, na Abu Mihjan hapungukiwi kwazo. Apungukiwaye ni yule aliyemtoa mlevi wa mtaani mwake katika hesabu ya watu.

Saad hakubuni jambo lisilokuwa na asili. Umar huyo huyo aliyemfunga Abu Mihjan ana kisa kingine, kilichotajwa na wafasiri katika mwanzo wa Suratu Ghafir. Alikuwako mtu hodari wa Sham aliyekuwa akimjia Umar, kisha akatoweka. Umar akauliza habari zake, akaambiwa ameandama kunywa. Hakumlaani. Alimwita mwandishi wake, akamwandikia barua ya salamu na aya za mwanzo za sura hiyo, zenye kumtaja Mwenyezi Mungu kuwa ni Mwenye kusamehe dhambi na kukubali toba, Mkali wa kuadhibu, kisha akawataka waliokuwapo wamwombee ndugu yao aelekee kwa Mola wake. Yule mtu alipoipata barua akawa akiisoma na kuirudia, akalia, akaacha. Umar alipopata habari aliwausia watu wafanye hivyo hivyo wamwonapo ndugu yao ameteleza: wamsimamishe, wamwombee, wasiwe wasaidizi wa shetani juu yake.

Hapo pametajwa mambo matatu ambayo mlevi hayapati peke yake: kuna aliyeona kuwa hayupo, kuna aliyemwandikia, na kuna kundi lililomwombea. Wazee wa Umatengo walikuwa na desturi iitwayo sengu, watu wa ukoo mmoja wakila pamoja na kuzungumza mashauri yao na kuwaonya vijana. Si desturi ya Kiislamu, lakini hekima ni kitu kilichompotea muumini, akikiona hukichukua. Mtu asiyefika penye sinia huulizwa. Na mtu wa pwani aliye na msikiti wa sala tano ana sengu mara tano kwa siku, lau angeitumia. Walakini mara nyingi mlevi asipoonekana msikitini watu hushukuru. Katika Unguja wako waliolifahamu jambo hili, wakafungua nyumba ambamo walioacha unga huwashika mkono wanaotaka kuacha, wakikaa pamoja kwa miezi. Na Dar es Salaam hospitali ya Muhimbili ilianza mwaka 2011 kuwapa wazoefu wa heroini dawa ya methadoni kila siku mbele ya mwuguzi. Wako wanaoinung'unikia dawa hiyo kuwa ni ulevi kwa ulevi. Hilo waulizwe tabibu waaminifu, kwani dharura ina hukumu zake, na mtu aliye hai anaweza kutubia.

Abu Mihjan baada ya Qadisiyya alibaki katika nchi za mashariki pamoja na majeshi, na habari zake zikawa chache. Alikuwa na mwana. Imesimuliwa kuwa mwana huyo aliingia kwa Muawiya bin Abi Sufyan alipokuwa mfalme wa Sham, na Muawiya akamwuliza kama baba yake siye yule aliyetunga lile shairi la kuzikwa penye mzabibu. Miaka mingi ilikuwa imepita. Qadisiyya ilikuwa imepiganwa, Kisra amekwisha, na mwenye shairi amekufa ametubu. Na bado katika baraza la mfalme kilichokumbukwa kwa jina lake ni mvinyo. Kijana hakukasirika wala hakukanusha. Alimjibu Muawiya kuwa akipenda atamsomea lililo bora kuliko hilo katika maneno ya baba yake, kisha akamsomea mashairi yake juu ya ushujaa na ukarimu na kuitunza siri. Muawiya akaona kuwa amemkosea, akamkirimu, akampa zawadi njema.

Ama kaburi la Abu Mihjan, wako wasemao kuwa liko Azerbaijan, na wako wasemao kuwa liko Jurjan. Akasimulia msimulizi mmoja kuwa mtu aliyeliona alikuta mizabibu mitatu imeota juu yake, imepanda na kuzaa na kulifunika. Wapenda mashairi wameipokea habari hiyo kwa furaha, kwa kuwa yaafikiana na lile shairi la ujana wake. Na wenye kuchunguza mapokezi hawakuitia maanani. Wallahu aalamu.